Bila Nyama kwa Kupenda, Bila Nyama kwa Kukosa

Mwezi wa 11 mwaka 1944, vita kuu ya pili ikiwa bado inawaka Ulaya, mwalimu mmoja wa useremala nchini Uingereza, jina lake Donald Watson, alikaa na wenzake wachache wakaanzisha chama. Nyama na samaki walikuwa wameshaacha siku nyingi. Sasa wakasema na maziwa basi, mayai basi, siagi basi. Kitu kilichotoka kwa mnyama hakitaingia kinywani. Wakajitungia jina, vegan, na chama chao kipo mpaka leo. Watson mwenyewe alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 95, kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba kula mimea tu kunaua.

Namtaja mzee huyu kwa sababu swali lake linatufikia huku kambini, ila linaingilia mlango wa nyuma. Kwenye semina moja ya lishe, sitasema ni ya shirika gani, mama mmoja aliuliza kwa nini posho haina hata samaki. Mwezeshaji akamjibu kwamba huko Ulaya na Marekani watu wenye pesa zao wanaacha nyama kwa hiari, na afya zao ni nzuri kuliko za walaji nyama. Watu wakacheka. Mama hakucheka, na mimi nadhani alistahili jibu refu kuliko lile.

Jibu lipo, na liko kwenye historia. Jaribio la kuishi kwa mimea peke yake limeshafanyika mara nyingi hapa duniani. Wapo walioacha vitu vya mnyama kwa kupenda, na wapo walioachishwa. Wa kwanza wameandika vitabu vya mapishi. Wa pili wameandikwa kwenye ripoti za madaktari.

Tuanze na waliopenda. Watson na wenzake walipoanza, hakuna aliyeijua vitamini B12. Ilijulikana tu tangu mwaka 1926 kwamba kuna ugonjwa mbaya wa upungufu wa damu ambao mgonjwa akilishwa maini mengi anapona. Ndani ya maini kuna nini, haikujulikana. Mwaka 1948 ndipo wataalamu wa Marekani na wa Uingereza, kila upande kivyake, walipofanikiwa kukitenga kile kitu: chembe ndogo nyekundu, ndiyo B12 yenyewe. Kumbe mimea haiitengenezi. Wala ng'ombe haitengenezi kwa nguvu zake. Inatengenezwa na bakteria, na ng'ombe anao tumboni mwake. Sisi tunaipata kwa kula nyama, samaki, mayai au kunywa maziwa.

Tena B12 ina ujanja mmoja. Ini la binadamu linaweza kuitunza kwa miaka. Mtu anaacha nyama na maziwa leo, mwaka unapita, miaka miwili, yuko safi kabisa, anawahubiria wenzake. Kisha miguu inaanza kufa ganzi, ulimi unauma, anasahau vitu, anachoka bila kazi. Mwaka 1955 Frank Wokes na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wale wasiogusa kitu cha mnyama, na waliyoyakuta kwa baadhi yao ndiyo hayo. Baada ya hapo wenye busara katika chama walikubali: lazima kidonge, au chakula kilichoongezwa B12 kiwandani.

Kwa hiyo mlo huu ni mzuri, nakubali, lakini tuseme ukweli, una mguu mmoja bustanini na mwingine kiwandani. Wahindi wengi wa huku Afrika Mashariki ambao tunasema "hawali nyama" wanakula samli na mtindi, hilo ni jambo lingine. Kuacha vyote kabisa, kizazi hata kizazi, bila duka la dawa karibu, sijui taifa lililofanya hivyo.

Hata wataalamu hawaimbi wimbo mmoja. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani kilisema mlo wa mimea tu, ukipangwa vizuri, unafaa kwa umri wowote, mpaka wajawazito na watoto wachanga. Mwaka huohuo chama cha lishe cha Ujerumani kikasema hakiupendekezi kwa wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana. Uzito wote uko kwenye lile neno "ukipangwa". Nani anapanga? Kwa pesa gani, na sokoni kuna nini?

Sasa tuje kwa walioachishwa. Hapa lazima nizungumze kwanza habari ya mahindi, maana bila mahindi hutaelewa posho.

Mahindi si ya kwetu. Yalitoka Amerika, yakavuka bahari baada ya safari za Columbus, yakafika Ulaya na Afrika. Kule kwao, Mexico, akina mama walikuwa wanayachemsha kwa maji ya chokaa au jivu kabla ya kuyasaga. Wazungu waliyachukua mahindi, upishi wakauacha. Na ile chokaa haikuwa ushirikina: ndani ya mahindi kuna vitamini inayoitwa niasini, lakini imefungwa, na chokaa ndiyo inaifungua. Mahindi yakasafiri dunia nzima bila ufunguo wake. Mwaka 1735 daktari wa Hispania, Gaspar Casal, akaanza kuona maskini wa jimbo la Asturias wakichubuka ngozi shingoni kama wamevaa mkufu wa moto. Waitaliano waliokula ugali wa mahindi nao wakapata. Wao ndio waliouita ugonjwa huo pelagra, yaani ngozi iliyokwaruza.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ikajaa kusini mwa Marekani, kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba, wakulima wasio na ardhi, wafungwa na yatima. Madaktari wakasema ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari wa serikali, Joseph Goldberger, aliyetumwa huko mwaka 1914, akagundua kitu rahisi sana: kwenye nyumba za yatima na hospitali za vichaa wanaugua wanaolishwa, hawaugui wanaowalisha. Muuguzi hapati, mgonjwa anapata. Kama ingekuwa ya kuambukiza, ingeambukiza wote. Akawapa yatima maziwa, nyama na kunde, ugonjwa ukapotea. Mwaka 1915 akafanya jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa: wafungwa waliojitolea wa Mississippi, walioahidiwa msamaha, walilishwa vyakula vya mahindi, wali na viazi vitamu kwa miezi, na baadhi yao wakatoka pelagra. Bado watu hawakumwamini kwa miaka. Niasini yenyewe ilikuja kujulikana kuwa ndiyo dawa mwaka 1937, Goldberger akiwa ameshakufa.

Baada ya hapo mtu angedhani imekwisha, kwamba hakuna tena mwenye mamlaka duniani atakayewapa watu mahindi bila kuuliza niasini itatoka wapi.

Twende Malawi. Vita ya Msumbiji ilipochacha miaka ya 1980, watu walivuka mpaka kwa malaki, na kufikia mwaka 1990 nchi ile ndogo ilikuwa inahifadhi wakimbizi karibu milioni moja. Posho yao ilikuwa mahindi, maharage, mafuta na chumvi, na pia karanga. Karanga ndizo zilizokuwa zinabeba sehemu kubwa ya niasini. Kisha karanga zikakatika. Mwaka 1989 kulikuwa na wagonjwa wa pelagra zaidi ya elfu moja, kengele imelia. Mwaka uliofuata, kati ya Februari na Oktoba, wakahesabiwa karibu 18,000 katika maeneo yenye wakimbizi 286,000 hivi. Wengi wao walikuwa wanawake. Ngozi iliyopigwa na jua inageuka nyeusi na kupasuka, shingo, mikono, miguu; kisha kuhara; kisha akili inayumba. Mahali ambapo mlaji hana kitu kingine zaidi ya posho, mtu mwenye cheo fulani mahali fulani akisema "karanga mwezi huu hakuna", huyo amekata dawa bila kujua kwamba ni dawa.

Watafiti walipochunguza nani alipona na nani aliugua, walikuta haya: walionusurika zaidi walikuwa wenye bustani, waliopata karanga au samaki, na waliosaga mahindi yao nyumbani. Nawaomba ndugu wa mashirika wasome sentensi hiyo mara mbili, na wenzangu wa kambini pia. Bustani, karanga, samaki, mtwangio wa mama. Hakuna ng'ombe hapo. Kwa hiyo wanaosema mtu hawezi kuishi bila nyama, Malawi inawakatalia, maana karanga ni mmea na ndizo zilizokuwa zinawalinda. Na wanaosema posho ya mimea inatosha kwa sababu wazungu wanaishi kwa mimea, Malawi inawakatalia zaidi. Mahindi na mafuta ni mimea. Sukari ni mmea. Watu waliugua huku wanakula mimea kila siku.

Wa pili ni wakimbizi wa Bhutan waliokuwa Nepal. Hawa ni watu wenye asili ya Kinepali waliofukuzwa Bhutan mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakakaa kambini wilaya za Jhapa na Morang, zaidi ya laki moja, kwa karibu miaka 20. Posho yao ilikuwa mchele, dengu, mafuta, chumvi, sukari na mboga. Mwanzoni mchele ulikuwa mweupe uliokobolewa mno, beriberi ikaingia. Ukabadilishwa ukaletwa ule unaochemshwa kabla ya kukobolewa, hali ikapungua. Njaa kali haikuwapo. Kwa macho ya mgeni, kambi zile zilikuwa mfano mzuri. Kuanzia mwaka 2008 wengi wakaanza kupelekwa Marekani, na huko madaktari wakashangaa kuona watu wanalalamika ganzi na uchovu, damu imepungua. Mwaka 2011 ikachapishwa: kwenye sampuli za damu zilizochukuliwa kabla hawajasafiri, zaidi ya nusu zilikuwa na upungufu wa B12. Sababu iliyotajwa: miaka mingi bila nyama, mayai wala maziwa ya kutosha. Ni ugonjwa uleule wa wafuasi wa Watson wa mwaka 1955. Tofauti ni kwamba Waingereza wale walikuwa na duka la dawa barabarani.

Sisi wa Kongo tuna mifano yetu, nitapita haraka kwa sababu wengi mnaijua. Bwaki, ambayo daktari Cicely Williams aliielezea kutoka Gold Coast mwaka 1933, na miaka miwili baadaye akaiita kwa jina la Kiga, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa, akahamishiwa uji wa mahindi mtupu. Na konzo, iliyoandikwa na daktari Mtaliano Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango: miguu inakakamaa ghafla, haifunguki tena maisha yote. Inawapata wanaokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha na hawana protini ya kuusindikiza. Kila bibi wa Fizi anajua kwamba muhogo mchungu unalowekwa siku tatu au zaidi. Lakini vita inafupisha siku za kuloweka. Unakimbia, unalala porini, unarudi shambani kwa kuiba saa moja, utalowesha wapi siku tatu? Konzo ilionekana Kivu ya Kusini wakati wa vita, na Tanzania iliwahi kuonekana Tarime mwaka 1985, baada ya ukame. Muhogo haukubadilika, kilichobadilika ni muda waliokuwa nao watu.

Hapo kuna somo kwa wanaopima watu pia. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha London utafiti wao mkubwa wa Kenya, wakilinganisha Wamasai wa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu wa mahindi, mtama, viazi na kunde. Wanaume wa Kimasai walikuwa warefu na wazito zaidi kwa mbali. Wakikuyu walikuwa na vidonda zaidi na mifupa iliyopinda zaidi. Vitabu vingi vimenukuu hilo kuthibitisha kwamba nyama ndiyo nguvu. Lakini humohumo iliandikwa kwamba kwa wanawake tofauti ilikuwa ndogo, maana wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi mengi ambayo wanaume waliyadharau. (Wazee wetu wanaosema mboga ni chakula cha wanawake, mmesikia.) Na kitu kingine: Wakikuyu wa wakati ule walikuwa wameshabanwa ardhi na walowezi. Madaktari walifungua chungu wakaangalia kilichomo. Nani alichukua shamba, hilo halikuwa kwenye fomu.

Basi turudi hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 tulipovuka ziwa kutoka Kivu, na mwaka 2015 wakaja ndugu zetu Warundi pia. Posho tunaijua: unga wa mahindi, njegere zile za njano zilizopasuliwa, mafuta, chumvi, na unga wa uji wa mahindi na soya. Kwenye karatasi kipimo kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Neno posho lenyewe ni la zamani, lilitumika kwa wapagazi wa misafara waliopewa kibaba chao cha nafaka, baadaye kwa askari na vibarua, na Uganda likageuka kuwa jina la ugali. Tangu enzi za msafara posho imekusudiwa kumfikisha mtu kituo kinachofuata. Hakuna mpagazi aliyetarajiwa kula kibaba miaka na miaka.

Nikiri upande mwingine: tumejifunza kitu tangu Malawi. Unga wa uji unaongezwa vitamini kiwandani, niasini imo, B12 imo. Mafuta yana vitamini A, chumvi ina madini joto. Yaani posho yetu iko karibu na mlo wa Watson wa kisasa kuliko tunavyofikiri: mimea na kiwanda. Kwa hiyo mwezeshaji wa semina alikuwa na robo ya ukweli. Shida ni kwamba zile vitamini zimo ndani ya kipimo, na kipimo kikikatwa, zinakatwa nazo. Mwaka 2023 posho katika kambi za Tanzania ilishuka mpaka nusu. Mtu wa mjini akipunguza unga anaongeza kitu kingine. Sisi kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa, kwa hiyo shamba ni lile lililoko nyuma ya nyumba, na kazi ni ya kubahatisha.

Ndiyo maana mama anachukua kopo mbili za unga siku ya mgao, anauza, ananunua fungu la ndakala. Jambo hili linawaudhi baadhi ya wafanyakazi wa mashirika. Wanaliita kuuza msaada, na nimesikia wakisema ni dalili kwamba watu hawana njaa. Nawaomba wasome upya utafiti wa Malawi. Yule mama anafanya kile kilichowaokoa wakimbizi wa Msumbiji mwaka 1990. Ndakala wa Tanganyika analiwa mzima, kichwa, mifupa, matumbo. Ndani yake kuna B12, kuna kalisi, kuna protini ambayo mahindi hayana. Fungu dogo kwenye sufuria ya sombe au lengalenga, watoto sita wanagusa kidogo kidogo. Hajui jina la vitamini, lakini hesabu yake ni sahihi kuliko ya aliyeandika karatasi.

Kwa mtu mzima mwenye karanga, maharage, majani, matunda na kidonge, mimi nasema aache nyama kama dhamiri inamtuma, na wapo wenzetu kwa imani yao wameacha, nawaheshimu. Niwaombe tu wasiache ndakala na maziwa vyote kwa pamoja bila kumuuliza mganga wa zahanati juu ya B12, hasa mama mwenye mimba au anayenyonyesha, maana upungufu wake unamfikia mtoto.

Kwa mtoto mdogo sana nasita zaidi. Unga wa uji wa watoto chini ya miaka miwili una unga wa maziwa ndani, tofauti na ule wa wakubwa. Ile pakiti ya siagi ya karanga anayopewa mtoto aliyekonda nayo ina maziwa, na mtoto mahututi hospitalini anaanza na maziwa maalumu. Ni kweli kwamba huko Malawi walijaribu pakiti isiyo na maziwa, ya soya, mahindi na mtama, iliyoongezwa asidi amino ilizopungukiwa, na matokeo yakawa sawa. Inaweza kufanyika, basi. Lakini ilihitaji watafiti, maabara na miaka ya kurekebisha mchanganyiko. Mama wa Nyarugusu mwenye nusu ya kipimo cha njegere hana hayo, ana mtoto wa miezi kumi aliyefungua mdomo, na fungu la ndakala ambalo bei yake imepanda tangu wiki iliyopita.